Kondoo wa Kwa Paker

Ukitoka Kitengela mjini kwa barabara ya Namanga, kabla hujaziacha nyuma nyumba za ghorofa zinazoota kila kukicha, kuna njia ya kokoto inayokata kando na kushuka mpaka mtoni. Mwambie mtu wa bodaboda "Kwa Paker," naye hatakuuliza swali la pili. Atakushusha penye kanisa la mabati ya buluu, shule ya msingi, maduka manne, kinyozi mmoja, na gereji ya Okoth anayechomelea milango ya chuma tangu asubuhi. Hicho ndicho kijiji chenyewe. Wapangaji waliohamia juzi husema Paker alikuwa mzungu mwenye ranchi, na wapo wanaokuapia kabisa kwamba babu zao walimfanyia kazi.

Mzee Githongo akiwasikia huishusha kofia yake usoni ili wasimwone anavyocheka. Paker ni yeye.

Au tuseme yeye ni nusu ya Paker, maana jina hilo halimtoshi mtu mmoja. Mmasai akikupa kondoo wa urafiki, jina lako analiweka kando. Kuanzia siku hiyo atakuita Paker, nawe utamwita Paker, mpaka mmoja wenu aingie kaburini. Neno limetoka kwa kondoo, lakini maana yake ni kwamba ninyi wawili sasa mna kitu kati yenu kinachokula majani na kuzaa. Huyo kondoo hauzwi ovyo, wala hachinjwi kwa sababu tu mtu ameamka na hamu ya nyama.

Aliyempa Githongo kondoo ni Kisemei. Tangu mwaka wa 1976 hakuna aliyewahi kumsikia mmoja wao akimtaja mwenzake kwa jina. Wamekosana mara ngapi, juu ya ua, juu ya mbwa, juu ya siasa, na hata katika ugomvi mkali kabisa mmoja alikuwa akisema, "Wewe Paker, wewe ni mtu mbaya." Watoto wao walikua wakidhani ndivyo wazee wote duniani wanavyoitana.

Mwaka huu kanisa linakaribia miaka hamsini, na Seleyian, binti wa Kisemei ambaye ni mwalimu pale shuleni, ameamua kuandika kijitabu cha historia ya kijiji kabla wanaoijua hawajaisha. Ni msichana wa mipango. Alikwenda nyumba kwa nyumba na daftari. Wiki ya mwisho kabla ya sherehe akafika kwa Githongo, akaketi kwenye kigoda, akakataa chai mara mbili kwa heshima na kuikubali mara ya tatu.

"Baba Wanjira," akasema, kwa sababu binti mkubwa wa mzee anaitwa Wanjira, "Jumapili utasimama mbele ya kanisa, wewe na baba yangu. Baba kifua kinamsumbua, hawezi ongea sana. Wewe ndio utatuambia hiyo story ya kondoo, yote, na mdomo yako. Niko na mtu wa kurekodi."

"Si hiyo story kila mtu anaijua?"

"Wanaijua kwa kusikia. Wewe ulikuwa."

Githongo alitikisa kichwa kukubali, akaweka kikombe chini. Alikuwa pale, ndiyo. Ndiyo sababu alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliye hai, kwa jinsi alivyoamini yeye, alikuwa akilijua. Kondoo wa Kwa Paker, yule jike mwekundu ambaye wazao wake wako katika kila zizi la kijiji, yule ambaye watoto wa shule humchora kwa chaki, alikuwa amemla mwenyewe. Alimla choma, na mkia akautia kwenye sufuria.

Tuanzie mbali kidogo.

Githongo alifika mtoni akiwa na miaka ishirini na mbili, kutoka Murang'a, na nyundo, tindo na blanketi moja. Mji wa Kitengela haukuwa mji. Palikuwa na maduka machache kando ya lami, na pande zote ni nyasi tu mpaka macho yachoke. Wanyama wa mbugani walivuka kuja upande huu mvua ikianza, nyumbu na punda milia, na wachonga mawe walikuwa wakiweka nyundo chini kuwapisha. Mto wenyewe ulikuwa na maji ya kunywa. Leo ukimwambia mtoto hivyo anakutazama kwa huruma, kwa sababu anachokijua yeye ni povu jeupe linaloteremka kutoka majengo ya juu, na chupa za plastiki zilizokwama kwenye mizizi. Lakini maji yalikuwepo, yakionekana mpaka chini kwenye vijiwe, na jioni wachonga mawe watano waliketi humo mpaka kifuani, wakiimba nyimbo za kwao huku vumbi la mawe likiwatoka masikioni. Githongo akiyakumbuka maji hayo hutamani kulia, na anakwambia hivyo waziwazi.

Walikuwa wamechimba shimo lao karibu na njia ya mifugo. Siku moja ng'ombe akatumbukia. Mchungaji wake alikuwa kijana wa Kimasai, mrefu, wa rika lao, naye alisimama ukingoni na mkuki mkononi akiwatazama wale wageni waliochimba shimo penye njia ya ng'ombe. Wanne walikimbia. Githongo hakukimbia, si kwa ushujaa, bali kwa sababu alikuwa ndani ya shimo pamoja na ng'ombe. Basi akamshika kichwa yule mnyama asijiumize, akampapasa, akamsemesha Kikikuyu. Kijana wa Kimasai akashuka. Wenzake wakarudi mmojammoja kwa aibu, na kutwa nzima wakapanga mawe waliyokwisha kuchonga, wakajenga ngazi pana, na jua likielekea kutua ng'ombe akapanda juu kwa miguu yake mwenyewe.

Asubuhi yake yule kijana alirudi na kondoo jike mchanga, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Akamweka mikononi mwa Githongo. "Kuanzia leo wewe ni Paker," akasema kwa Kiswahili chake kidogo, akajipiga kifuani, "na mimi ni Paker." Akaenda zake.

Hapo ndipo hadithi ya kijiji inaporuka. Watu wanasema kondoo akakua, akazaa mapacha, Githongo akampa kila mgeni aliyehamia mtoni mwanakondoo jike kama alivyopewa yeye, na wageni nao wakawapa wageni wengine. Mutunga wa mashine ya kusaga alipewa. Okoth alipewa, akamfunga kwenye gereji wiki nzima kwa kutojua amfanye nini. Ndivyo kijiji kilivyojaa watu wanaoitana Paker, Mkamba na Mluo, Mkikuyu na Mmasai, na hata mwaka wa fujo za uchaguzi, sehemu nyingine zilipokuwa zinawaka moto, hapa wazee walikaa kwenye njia ya kokoto mchana kutwa na hakuna aliyegusa nyumba ya Paker wake. Yote hayo ni kweli tupu. Ni mwanzo tu uliokuwa na kasoro.

Kasoro ilikuja mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mto ulifurika, barabara ikakatika, na wachonga mawe watano hawakuweza kwenda kwao Krismasi. Unga ulikuwa umebaki wa kushika kwa vidole. Na pale, kwenye kamba, palikuwa na kondoo aliyenona kwa majani ya mvua. Kwao Murang'a mtu akikupa kondoo na Krismasi ikafika, hakuna anayeuliza swali. Walimla kwa furaha, wakamshukuru Mungu na yule Mmasai mwema.

Siku tatu baadaye maji yakapungua na Kisemei akavuka. Akasalimia, akaulizwa hali, akauliza hali, kisha kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mtoto akasema, "Na kondoo yetu, iko aje?"

Ni lile neno "yetu" lililomshtua Githongo. Akajikuta anajibu, "Iko poa. Iko malishoni."

Mwelu, mama wa Kikamba aliyekuwa akiwapikia uji, alingoja Kisemei aondoke, akaweka mwiko chini. Alikuwa ameishi na Wamasai tangu utotoni. "Unajua umekula nini wewe?" akamwuliza. Akamweleza lile neno, taratibu, bila kumkemea, na alipomaliza Githongo alikuwa amekaa chini kwenye matope. Hakuwahi kujiona mshamba kama siku hiyo.

Kesho yake akapanda lori la mawe, akashuka, akatembea, akalala njiani, akafika soko la mifugo la Kiserian. Alizunguka humo mpaka watu wakaanza kumtilia shaka. Alitafuta kondoo jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na kwa bahati, au kwa balaa, akampata kwa jamaa mmoja aliyekuwa na haraka sana ya kumtoa. Akambeba mabegani kurudi mtoni. Alimpima kwa kumbukumbu, rangi, kimo, baka, mkia, akaona sawa kabisa. Mwelu akamtazama yule kondoo, akamtazama Githongo, akasema, "Mungu akusaidie," akaendelea kukoroga uji. Naye aliondoka duniani miaka ishirini iliyopita bila kumwambia mtu, na wale wachonga mawe wanne nao wamekwisha kufa.

Kisemei alipokuja tena, alimkuta kondoo kwenye kamba. Akamshika kidevu, akamgeuza kichwa huku na huku. Kisha akasema, "Amekua, Paker." Hayo tu. Miaka arobaini na tisa Githongo ameishi juu ya maneno hayo mawili.

Usidhani ilimnyima usingizi kila siku. Mtu huoa, hujenga, huzika mke, hulea wajukuu, na uongo wa ujana hukaa pembeni kama kiatu kibovu ambacho hakuna anayekitupa. Lakini kusimama mbele ya madhabahu na kuusema kwa kinywa chake, ukirekodiwa, uandikwe kitabuni, watoto wausome atakapokuwa hayupo? Hilo lilimshinda. Na akisema kweli, je? Kisemei ni mtu wa heshima zake. Atasikia mbele ya watu kwamba zawadi yake ililiwa na kwamba amedanganywa tangu ujana. Atakuwa na haki ya kulichukua lile neno. Githongo alijaribu kufikiria akiitwa Githongo na Kisemei, kama anavyoitwa na karani wa chifu, na akaona afadhali wamwite lolote lingine.

Alikata shauri Jumamosi saa nne. Akavaa koti, akashika fimbo, akaambaa kando ya mto kwenda kwa Kisemei. Zamani ilikuwa mwendo wa kuvuta sigara moja. Siku hizi kuna kuta za ploti, na inabidi kuzunguka, na mahali walipokuwa wakioga pamezungushiwa seng'enge na kibao cha kuuza ardhi. Alisimama hapo akapumua. Ng'ombe wa nani sasa wataanguka kwenye shimo la nani, alijiuliza, wakati kila mtu amejifungia kwake?

Kisemei alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, shuka mabegani, redio mapajani. Kifua kilikuwa kinamlilia kweli. Githongo alipanga aanze kwa salamu, lakini lile neno aliona hana haki nalo tena.

"Kisemei," akasema.

Yule mzee alizima redio. Alimtazama kwa hofu. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Mbona unaniita hivyo? Kaa chini. Ni Wanjira? Ni watoto?"

"Si watoto. Ni mimi." Githongo aliketi kwenye jiwe, moja ya yale aliyoyachonga mwenyewe, akasema yote bila kupamba. Krismasi, mto kufurika, kamba, kisu, sufuria. Mwelu na mwiko wake. Soko la Kiserian. Alisema kwa kutazama vidole vyake, na alipofika mwisho alisema, "Hiyo ulishika kidevu haikuwa ile yako. Yako nilikula. Nimekudanganya miaka yote hii, na sasa msichana wako anataka niseme kanisani. Nimekuja nikuambie kabla, ili kama ni kuniacha, uniache hapa nyumbani."

Kisemei alikohoa kwa muda mrefu. Ikabidi Githongo amsaidie kupata maji. Kumbe nusu ya kikohozi ilikuwa kicheko.

"Mtu wa mawe," akasema hatimaye, akipangusa macho kwa shuka. "Ulipima rangi. Ulipima baka. Masikio je, uliangalia?"

"Masikio yako na nini?"

"Alama, Paker. Kila watu wako na alama yao. Yangu tunapasua sikio ya kulia. Hiyo yako ilikatwa ncha ya kushoto. Nilipomgeuza kichwa, nikaona hii ni kondoo ya watu wa huko juu Kiserian. Na nikajua ni ya wizi, kwa sababu hao hawauzi jike."

Githongo alihisi damu inampanda usoni, mzee wa miaka sabini na moja, kama mvulana. "Ya wizi?"

"Ya wizi kabisa. Wangeifuata nyayo mpaka kwako. Wangekuja na marungu, si maneno." Kisemei alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Kwa hivyo nikaenda mimi. Nikatafuta mwenye kondoo. Nikamwambia, jike yako iko mtoni kwa mtu wangu, yeye hajui kitu, chukua hii ingine uache ile. Nikampa."

"Ukampa kondoo ingine."

"Nikampa."

Kuku walipita. Ng'ambo ya ukuta mashine ya saruji ya mtu fulani ilikuwa inanguruma. Githongo akauliza kile alichokuwa nacho karibu. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningefanya nini baadaye? Wazee wangesema zawadi imeliwa, neno limekwisha. Na mimi nilikuwa nimeshalizoea." Akalipanga shuka vizuri mabegani, kama mtu anayetafuta la kufanya na mikono. "Wenzangu wote walikuwa na mtu wa kuita hivyo. Mimi peke yangu sikuwa naye. Mtu akiwa na kondoo kidogo, nani anataka kuwa Paker wake? Wewe tu ndio hukujua kuuliza niko na ngapi."

"Ulikuwa na ngapi?"

Kisemei alitazama mlangoni, kama kuna mtu wa kusikia. "Nne," akasema.

Githongo amechunga kondoo miaka arobaini na tisa, na hesabu hiyo haikumchukua muda. Mmoja akampa yeye, akaliwa. Wa pili akatoka kwa ajili yake bila yeye kujua. Machozi yalimtoka palepale uani, na hakuyafuta. Alimwita mwenzake kwa lile neno, mara mbili.

"Basi wacha hiyo," Kisemei alisema. "Kesho waambie. Waambie ulikula, watacheka, ni vizuri watu wacheke. Lakini hiyo ya kondoo nne usiseme. Seleyian na ndugu zake wanajua baba yao alikuwa tajiri tangu zamani. Wamekua na hiyo."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Waliwekwa mbele, viti viwili, na kijana wa kurekodi akasimama karibu na simu yake. Githongo alisimulia mpaka akafika kwenye Krismasi. Aliposema, "Nikamla," Wakikuyu walicheka kwanza. Akina mama wa Kimasai walimgeukia Kisemei waone kama inaruhusiwa, na walipomwona mabega yanamtikisika nao wakaachilia, mpaka pasta akashindwa kurudisha utulivu. Githongo akaeleza masikio, na kondoo wa pili. Hapo watu walinyamaza wenyewe. Alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa tangu mke wake alipofariki.

Seleyian alikuwa mstari wa mbele, daftari magotini, macho yamemlowa. Aliinua mkono kama mtoto wa darasani.

"Baba Wanjira, ya mwisho niandike. Kumpa mtu kondoo mbili hivyo, baba alikuwa na ngapi siku hizo?"

Pasta alikuwa hapo, na msalaba ulikuwa hapo, na kijana wa kurekodi akasogeza simu karibu zaidi. Kisemei alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama fimbo yake.

"Wengi," akasema Githongo. "Wengi sana. Nilijaribu kuhesabu, nikashindwa."